Daftari la Mizani na Malaika Wawili

Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inaanza na kosa ambalo mkulima yeyote wa pamba mkoani Simiyu analielewa bila kufafanuliwa: kupunja vipimo. Inawalaani wanaotaka kupimiwa kikamilifu wakati wa kupokea, kisha wakapunguza inapofika zamu yao ya kuwapimia wengine. Aya chache mbele, sura hiyohiyo inazungumzia madaftari. Kuna daftari la waovu na kuna daftari la wema, na yote mawili yameshaandikwa. Mpangilio huo una mantiki yake. Anayeiba kilo kwenye mizani hana budi kuandika uongo mahali fulani, na wizi haujakamilika mpaka daftari likubaliane nao. Wakristo nao wanaipata picha hiyo katika Mithali, inapokemewa mizani ya udanganyifu, na katika Ufunuo sura ya 20, vitabu vinapofunguliwa na wafu wakahukumiwa kwa yaliyoandikwa humo.

Somanda ni kata ya mji wa Bariadi, hukohuko Simiyu. Imekaa katikati ya nchi ya pamba. Msimu ukifunguliwa, kwenye vituo vya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, karani husoma mizani, hutamka kilo, kisha huandika stakabadhi. Karatasi ya juu anaichukua mkulima. Ya chini, iliyoandikika kwa karboni, inabaki kitabuni. Pamba safi ina bei yake, pamba fifi ina yake. Ujanja uko pande zote mbili: yupo karani anayesoma pungufu, na yupo mkulima anayenyunyizia pamba maji au kuitia mchanga ili iwe nzito. Kati yao ipo ile karatasi ya karboni, nyembamba, inayochafua vidole. Nguvu yake ni moja tu. Iko mikononi mwa watu wawili wasioaminiana.

Kanda ya Ziwa inalijua jambo hili tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa na wanunuzi binafsi, wakaweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mizani ya wanunuzi ili kila uzito usomwe na macho ya pande zote mbili. Vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ndilo lililozaa ushirika wa Victoria Federation mwaka 1955. Ushirika huo mkubwa ulianza na dai dogo kabisa: asisome mizani mtu mmoja peke yake.

Siku hizi mizani ya kielektroniki na kompyuta zinachukua nafasi ya karboni. Kompyuta nayo ina daftari lake. Mafundi huliita logi: faili ambamo mfumo hujiandikia nani ameingia, saa ngapi, amefanya nini. Shida ni kwamba logi ya kawaida ni maandishi tu. Mwenye nenosiri la msimamizi anaifungua, anabadili 87 kuwa 78, anahifadhi, anakwenda kunywa chai. Hakuna karatasi ya chini. Uingereza ilionja uchungu wa jambo linalofanana na hili. Zaidi ya watu 900 wenye vituo vidogo vya posta walihukumiwa kati ya mwaka 1999 na 2015 kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha kwamba fedha zimepungua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikathibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na kwamba wafanyakazi wa kampuni iliyouendesha waliweza kuingia kwa mbali na kubadili hesabu za kituo bila mwenyewe kujua. Watu walifungwa na daftari ambalo hawakuwa na nakala yake.

Basi tuseme fundi wa programu amepewa kazi ya kuitengenezea AMCOS ya Somanda kitazamio cha logi, yaani programu ya kuifungua na kuisoma, na sharti ni hili: ikichakachuliwa, ionekane. Mstari mmoja unasema tarehe 12 Juni, saa 4:10 asubuhi, mizani ya 3, pamba safi, kilo 87. Fundi anauchukua mstari huo pamoja na alama ya mstari uliotangulia, anavipitisha kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, na inatoka alama mpya yenye herufi na tarakimu 64. Ukibadili 87 iwe 78, alama yote inakuwa nyingine kabisa. Mstari unaofuata ulishabeba alama ya awali, kwa hiyo nao unakataa, na wa baada yake, mpaka mwisho wa faili. Kitazamio hupiga hesabu upya kila logi inapofunguliwa, kisha huonyesha kwa rangi mahali mnyororo ulipokatika. Kazi yake inafanana na lakiri ambayo Wakala wa Vipimo huifunga kwenye mizani iliyokaguliwa: koleo lolote linaikata, ila aliyeikata hawezi kuirudisha ilivyokuwa.

Yapo yaliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 journald, programu inayoandika logi katika kompyuta nyingi za Linux, iliongezewa uwezo wa kujitia muhuri kwa ufunguo unaobadilika kila dakika 15, usipopangiwa muda mwingine. Ufunguo uliokwisha kutumika hufutwa, na ule wa kuhakiki hutolewa nje ya mashine ukahifadhiwe kwingine, hata kwenye simu. Mwizi akiiteka mashine saa sita mchana anaweza kudanganya kuhusu saa saba. Asubuhi imeshamponyoka.

Hapo fundi anakuwa ameingia, pengine bila kukusudia, kwenye mjadala wa kale wa wanateolojia. Je, lililokwisha kutokea linaweza kufanywa lisiwe limetokea? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alikubaliana na mshairi Agathon kwamba hilo ndilo jambo moja ambalo hata Mungu hana njia nalo. Katika karne ya 11 Petro Damiani aliona kauli kama hizo zinaupunguza uweza wa Mungu, akaandika waraka mrefu kuutetea. Karne mbili baadaye Thomas wa Akwino akajibu kwa utulivu: kusema jambo lilitokea na papo hapo halikutokea ni kujipinga, na kujipinga si kitu ambacho uweza wowote unakifanya.

Pamba iliyopimwa kilo 87 ilikuwa kilo 87. Hilo halibadiliki, karani apende asipende. Kinachobadilika ni kumbukumbu yake tu, na kwa mnyonge kumbukumbu ndiyo yote aliyonayo. Mkulima hawezi kurudi kwenye asubuhi ile kuchukua ushahidi. Anayeifuta kumbukumbu kimyakimya hana uwezo wa kuigusa jana yenyewe, lakini anamlazimisha mwenzake aishi kana kwamba jana hiyo haikuwapo. Ni kujitwalia mamlaka ambayo hata Thomas hakumpa Mungu. Kwa jicho hilo, logi inayofichua ikichezewa ina uzito mkubwa zaidi wa kidini kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inamkatalia binadamu, hata mwenye cheo, nafasi asiyostahili kuikalia.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, na ni vizuri kusema wazi. Msimamizi mwenye faili lote anaweza kubadili mstari kisha akaandika upya mnyororo mzima kuanzia hapo, na kila alama ikakaa sawa. Stuart Haber na Scott Stornetta, waliochapisha kazi yao ya kutia nyaraka za kompyuta alama ya wakati mwaka 1991, walilitambua hilo. Kuanzia 1995 alama ya mfumo wao ilichapishwa kila wiki katika New York Times, kwenye matangazo madogo. Anayetaka kughushi ilimpasa akusanye magazeti yote yaliyoko maktabani na majumbani. Kilichoilinda hesabu ni nakala iliyotawanyika kwa watu wasiojuana. Ndiyo kazi waliyoifanya wale wapimaji wa miaka ya 1950, na Waislamu hufundishwa tangu chuoni kwamba hata malaika waandishi wa matendo ya mtu, wa kulia na wa kushoto, ni wawili.

Afrika Mashariki imeona uzito wa logi mahakamani. Baada ya uchaguzi wa rais wa Kenya wa Agosti 8, 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue seva na logi zake zisomwe tu, bila kuguswa. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo. Septemba 1 majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi, na katika hukumu kamili walichukulia ukimya wa seva dhidi ya tume yenyewe. Miaka mitano baadaye, Septemba 2022, mambo yaligeuka: mahakama hiyohiyo iligundua kwamba baadhi ya logi zilizoletwa na walalamikaji zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au zilighushiwa. Mara ya kwanza daftari lilifichwa, mara ya pili likabuniwa. Tanzania, kupitia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inaitaka mahakama iangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uzima wake ulivyolindwa. Mnyororo wa alama unajibu sehemu ya swali hilo. Sehemu iliyobaki lazima ijibiwe na mtu mwingine aliyeshika nakala.

Pingamizi zito linatoka upande wa rehema. Dini zetu hazimsifu Mungu kwa kukumbuka tu, zinamsifu pia kwa kufuta. Kurani inasema Mwenyezi Mungu hufuta na kuthibitisha atakayo, na mzaburi anaomba makosa yake yafutwe. Je, daftari lisilosahau si ukatili? Mgonjwa wa hospitali aliyeandikiwa ugonjwa asiokuwa nao, mkulima aliyedhaniwa mdaiwa, hawa wana haki ya kusafishwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imewatambua.

Jibu liko kwenye nani anayefuta. Msamaha ni wa aliyekosewa, na juu yake ni wa Mungu. Karani anayefuta kwa siri anajisamehe mwenyewe kwa niaba ya mtu ambaye hata hajaulizwa. Wahasibu na wauguzi wanaijua njia nyoofu zaidi: kosa huchorwa mstari mmoja, lisomeke bado, pembeni ikawekwa sahihi na tarehe. Logi nzuri hufanya vivyo hivyo. Sahihisho ni mstari mpya. Na taarifa ya siri ya mtu inaweza kuondolewa kabisa, ikabaki alama yake na maelezo kwamba imeondolewa, lini na kwa idhini ya nani.

Kuna mahali chombo hiki hakifiki. Karani akiandika 78 tangu mwanzo, mnyororo utaulinda uongo huo kwa uaminifu uleule ambao ungeulinda ukweli. Mchanga ndani ya pamba nao utapokelewa kama uzito halali. Mstari wa kwanza unabaki kati ya mtu na dhamiri yake, na aliyesimama pembeni ya mizani.

Kwa hiyo fundi wa Somanda asianze na kanuni za hesabu. Aanze na swali la nani ataipata alama ya mwisho wa siku. Iandikwe ubaoni kituoni jioni, itumwe kwa ujumbe wa simu kwa kila aliyeuza siku hiyo, isomwe kwenye mkutano wa wanachama, ipelekwe chama kikuu na kwa mnunuzi. Asiye na simu apewe kwenye karatasi. Na kitazamio chenyewe kiandikwe kwa Kiswahili, kifunguke kwa mkulima kama kinavyofunguka kwa meneja, aone mstari wake, kilo zake na daraja la pamba yake, na palipokatika aone pamekatika bila kuomba ruhusa ya mtu.