Robo Inayokatwa

Medicare ni bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu. Mwanasaikolojia akikaa na mgonjwa wa sonona kwa dakika 45, bima hiyo humlipa kiwango kamili cha jedwali la ada. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyebobea katika tiba akimhudumia mgonjwa yuleyule, kwa dakika zilezile na chini ya namba ileile ya huduma, hupata asilimia 75 ya ada hiyo. Bunge liliwafungulia mlango mwaka 1989, na robo ikakatwa palepale mlangoni. Kwa miaka mingi chama chao cha kitaifa kimekuwa kikipiga hodi bungeni, na muswada wa kupandisha kiwango hadi asilimia 85 umewasilishwa zaidi ya mara moja bila kuwa sheria. (Wanaomba 85, si 100, unyenyekevu huo nao una maswali yake.) Ugomvi wa ada huonekana kuwa shauri la wahasibu, lakini ndani yake mna swali la kale la falsafa: mali ya umma inapogawanywa, haki ni ya nani, na anaistahili kwa sifa ipi?

Aristotle alilijibu kwa mfano wa zumari. Zumari bora, alisema, apewe mpigaji bora, hata kama mwenzake amemzidi nasaba au sura, kwa sababu zumari ipo ili ipigwe. Yaani kitu hugawanywa kwa kutazama kusudi lake. Kusudi la fedha za afya ya akili ni mgonjwa apate nafuu. Wanaotetea tofauti ya ada husema kwamba hilo ndilo wanaloliangalia wao pia: mwanasaikolojia amesoma hadi shahada ya uzamivu, mwenzake ameishia uzamili, na elimu ndiyo kinga ya mgonjwa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini sheria yenyewe ya Medicare imeshaweka kinga hiyo: inamtaka mfanyakazi huyu awe na shahada ya uzamili au zaidi, angalau miaka miwili ya kazi ya tiba chini ya usimamizi, na leseni ya jimbo lake. Akishatimiza hayo, inamkabidhi mgonjwa. Kama elimu yake haitoshi, basi asilipwe hata senti, maana mgonjwa yuko hatarini. Na kama inatosha, robo inayokatwa haimlindi mtu yeyote. Wala haiwezi kusemwa kwamba robo hiyo ni fidia ya miaka mingi ya masomo. Katika eneo moja, mwanasaikolojia mwenye miaka 30 kazini na yule aliyepata leseni mwaka jana wana ada moja, kwa kuwa jedwali hulipia huduma bila kuuliza wasifu wa mtoaji. Wasifu hukumbukwa anapoingia mtu wa ustawi wa jamii.

Je, nafuu yenyewe hufuata ngazi ya vyeti? Mwaka 1995 jarida la Marekani la Consumer Reports lilichapisha majibu ya wasomaji wake waliowahi kutafuta msaada wa matatizo ya akili. Martin Seligman, ambaye mwenyewe ni mwanasaikolojia, aliyachambua na kuona kwamba waliohudumiwa na wanasaikolojia, na madaktari wa magonjwa ya akili, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii hawakutofautiana katika nafuu waliyoieleza. Uchunguzi ule ulikuwa na kasoro: waliojibu walijichagua wenyewe, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka Harare, Zimbabwe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha kliniki 24 na washiriki 573, liliwapa wagonjwa nafasi ya kuketi kwenye benchi na wahudumu wa jamii, wengi wao akina bibi, waliofundishwa namna ya kumsaidia mtu kulikabili tatizo lake hatua kwa hatua. Mradi huo ulianzishwa na Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili. Baada ya miezi sita, dalili za sonona na wasiwasi zilikuwa zimepungua sana kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hili halifanyi shahada kuwa karatasi tupu, kwa kuwa akina bibi hao walisimamiwa na wataalamu, na mwenye ugonjwa mzito wa akili bado anamhitaji daktari na dawa. Linathibitisha jambo dogo zaidi ambalo linatosha kwa hoja yangu: ukubwa wa cheti hautabiri ukubwa wa nafuu.

Kwa nini basi ngazi hiyo inadumu? Nadhani ni kwa sababu mgawanyo wa fedha hubeba, bila kuutamka, msimamo juu ya mtu ni kitu gani. Mwaka 1905 Richard Cabot, daktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, alichoka kuwaandikia wagonjwa mapumziko na chakula bora huku akijua kwamba hawana uwezo wa kupata hata kimoja. Akaajiri mfanyakazi wa ustawi wa jamii ili aufuate ugonjwa hadi nyumbani na kazini. Hospitali ilimruhusu, ila haikukubali kutoa mshahara. Ilichukua hadi mwaka 1919 idara yake ya ustawi wa jamii kufanywa sehemu rasmi ya hospitali. Mantiki ya uongozi ilieleweka: ugonjwa umo mwilini, na yaliyo nje ya mwili ni hisani, tena hisani hutolewa na mwenye moyo, haiwekwi kwenye bajeti. Katika hospitali za serikali za Tanzania, afisa ustawi wa jamii anafahamika zaidi kwa shughuli ya kupitisha misamaha ya wasio na uwezo wa kulipa. Ni kazi ya maana, lakini humweka kwenye upande wa hisani uleule, kana kwamba anayeshughulikia ufukara wa mgonjwa hagusi ugonjwa wake. Anayeamini kwamba mtu huwa mtu kati ya watu, kama mwanafalsafa John Mbiti alivyoeleza mapokeo ya Kiafrika, hawezi kukubali mpaka huo kirahisi. Mjane aliyefukuzwa na mashemeji kwenye nyumba ya marehemu mumewe anaumwa kwa yaliyompata, na tiba isiyoigusa nyumba hiyo imeacha sehemu ya ugonjwa.

Watasema wengine kwamba huu ni ulaji wa chama cha wafanyakazi uliovikwa kanzu ya haki. Inawezekana, lakini madai ya haki yana haki ya kuchunguzwa bila kujali nani anafaidika nayo. Watasema pia kwamba mfuko ni mdogo. Ni mdogo kweli: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, serikali kwa wastani zilitenga karibu asilimia 2 tu ya fedha za afya kwa afya ya akili, na katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya fungu hilo ilimezwa na hospitali za magonjwa ya akili. Udogo wa mfuko ni sababu ya kuuliza unakwenda wapi.

Pingamizi linalonisumbua linatoka ndani ya fani yenyewe. Mwaka 1994 Harry Specht na Mark Courtney waliandika kitabu kizima wakilalamika kwamba ustawi wa jamii Marekani umewaacha maskini na kukimbilia viti laini vya tiba ya maongezi. Kama usawa wa ada ni tiketi ya kuingia kwenye chumba cha viti hivyo, basi ushindi wa wanaoudai utampunguzia maskini mtetezi. Australia inalipa uzito onyo hili. Mpango wake wa Better Access, wa kuwarejeshea wagonjwa sehemu ya gharama za tiba ya akili, ulioanza mwaka 2006, uliwajumuisha wafanyakazi wa ustawi wa jamii kwa marejesho madogo kuliko ya wanasaikolojia. Bajeti ya mwaka 2010 ilitaka kuwaondoa, wakapinga, serikali ikarudi nyuma. Hata hivyo tathmini ya Chuo Kikuu cha Melbourne ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wenye kipato kikubwa ndio waliozidi kufaidika na mpango huo. Ada hulipia saa ya maongezi, na saa ya maongezi humfuata anayeweza kufika na kuongeza fedha zake mwenyewe. Simu kwa mwenye nyumba anayetaka kumtoa mgonjwa, safari ya kwenda naye mahakamani, kikao na ndugu waliomtenga: hayo kwa sehemu kubwa hayana namba kwenye jedwali. Tangu mwaka 2024 Medicare ya Marekani imeanza kulipia baadhi ya huduma za kumsaidia mgonjwa kuhusu makazi, chakula na usafiri, na huo ni mwanzo. Kwa kuwa mwenye haki ni mgonjwa, na mtaalamu anaidai kwa niaba yake tu, ningelazimishwa kuchagua kati ya kuirudisha robo ile na kuzilipia saa hizo zisizo na namba, ningeanza na saa hizo, robo isubiri.