Kabla ya kumlaumu mwanamke kwa kutoka



Kila inapotajwa kazi ya mwanamke, wengi wetu hukimbilia kumlaumu: kwa nini ametoka nyumbani? Mimi nasema tuanze na waliomtoa.

Tuwatazame Waislamu wenzetu wa Bangladesh. Tangu mwaka 1974 nchi tajiri ziliweka mipaka ya kiasi cha nguo zitakazoingia katika masoko yao kutoka nchi mbalimbali. Wafanyabiashara wa Korea Kusini, walipobanwa, wakatafuta nchi isiyobanwa. Ndivyo viwanda vya nguo za kuuza nje vilivyoota mizizi Bangladesh kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mipaka hiyo ilifutwa mwanzoni mwa 2005, lakini viwanda vikabaki. Leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya nchi hiyo, na wengi wa wanaozishona ni wanawake.

Tuseme haki, kheri imo. Mabinti wa vijijini wameshika fedha zao wenyewe na kuwalea wazazi wao. Lakini tazameni thamani waliyopewa. Aprili 24, 2013, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, liliporomoka. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwemo ilifungwa, maduka nayo yakafungwa. Washonaji wakaamriwa waingie kazini! Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake. Kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, takriban dola 38.

Nguo zile zilikuwa za maduka ya Ulaya na Amerika. Na huko huko ndiko yanakotoka mengi ya marobota ya mitumba tunayoyagombania Karume na Gikomba. Je, tunaweza kusema hayatuhusu?

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 23 na 24, tunasimuliwa kuwa Nabii Musa (AS) alipofika Madyan aliwakuta wanawake wawili kando ya kisima, wakiwazuia wanyama wao mpaka wachungaji waondoke. Hakuwakemea. Aliwauliza wana nini. Walipomweleza kuwa baba yao ni mzee sana, aliwanyweshea wanyama wao. Aliuliza kwanza, kisha akabeba mzigo.

Basi na sisi tubebe. Mwajiri akumbuke Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Allah (SW) atakuwa mgomvi wa anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira wake. Mume naye asome Surat An-Nisaa, aya ya 32: chumo la mwanamke ni fungu lake. Matumizi ya nyumba yamebaki shingoni mwa mume, hata mke akiwa na mshahara. Na mke akirudi amechoka, mume asikae kitini akingoja kupakuliwa. Bibi Aisha (RA) ametueleza kuwa Mtume (SAW) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Anayetaka mwanamke abaki nyumbani, na ahakikishe nyumbani hapo pana chakula. Asiyeweza hilo, walau amlindie ujira wake na heshima yake.

Wabillahi Tawfiq.