Lugha: Ya Mwili au ya Mila?

Mwaka 1637 mwanafalsafa Descartes aliyachukulia maneno kuwa alama ya roho ambayo mnyama hana. Tumbili wanaipunguza nguvu hoja hiyo, ingawa hawaivunji. Utafiti wa mbuga ya Amboseli uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kuwa wana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka: kwa chui hukimbilia mtini, kwa tai hutazama juu, kwa nyoka hukagua nyasi. Mtoto wa tumbili hupiga mlio wa tai hata kwa ndege asiye na madhara. Mlio amezaliwa nao. Kuutumia ipasavyo hujifunza.

Kwa binadamu fungu la kujifunza ni kubwa mno. Huko Turwa, wilayani Tarime, mtoto wa Kikurya akilelewa na Wajaluo atasema Kijaluo, lugha ya Kinilotiki, bila shida yoyote. Akibaki kwa Wakurya, atamudu Kikurya cha Kibantu, ambacho toni yake ya juu katika kitenzi huweza kuanzia mwanzo wa shina au mbele zaidi, kulingana na njeo. Wageni watu wazima hutokwa jasho hapo. Mwili umempa koo, sikio na ubongo. Kanuni ya toni amerithishwa na wazee, si damu.