Zamu ya Maji

Msomaji, nina swali nitakalo kukuuliza, na nakusihi usilijibu upesi. Mtu achotaye maji zaidi ya haki yake, mahali asipoonwa na mtu, kisha kulipopambazuka kisima kikaonekana kama kilivyokuwa jana, amemdhulumu nani?

Yamkini utasema kwamba hakumdhulumu mtu, maana kisima hakikupungua. Mimi pia nilisema hivyo zamani.

Katika nchi ya Ukambani mito mingi, kama vile Thwake na Kaiti, si mito ya maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni njia pana za mchanga. Mgeni apitaye hapo wakati wa kiangazi huona nyayo za punda tu, akadhani kuwa maji yamekwisha. Walakini wenyeji wajua ya kuwa yamejificha. Hufukua mchanga mpaka maji yakachuruzika, wakayateka kwa kata. Ili yasiteremke yakapotea, watu hujenga ukuta wa mawe na saruji unaokingama mto, juu ya mwamba mgumu. Mvua inyeshapo, gharika huja na tope na mchanga: tope, kwa wepesi wake, hupita juu ya ukuta, mchanga, kwa uzito wake, hubaki nyuma. Mchanga huo ukisha kushiba, robo yake au zaidi yaweza kuwa maji, na jua halina njia ya kuyafikia. Kuta nyingi za namna hii zimejengwa kwa mwethya, yaani ushirika wa kazi wa Wakamba. Aghalabu wabebao mawe ni wanawake, jambo ambalo sisi wanaume tungefaa kulifikiri siku nyingine.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mnamo Septemba 2021 Serikali ilitangaza ukame ule kuwa janga la taifa. Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika shule iliyo karibu na mto wa mchanga. Wanakijiji walipatana hivi: kila nyumba iteke mitungi miwili kwa siku, mifugo inyweshwe mbali, na shimo lifunikwe kwa miiba jioni.

Nyumba yangu ilikuwa ya mtu mmoja, na mitungi miwili ilinitosha kabisa. Lakini nilikuwa na sukuma wiki nyuma ya nyumba, nami sikupenda kuiona ikinyauka. Basi nikawa naamka kabla ya alfajiri, naondoa miiba, nateka mtungi wa tatu, kisha nairudisha miiba kama ilivyokuwa. Watu walipofika, shimo lilikuwa limejaa. Nilijiambia kwamba mto hauhesabu mitungi.

Jioni moja nilimkuta mama mmoja mzee, akaaye juu kilimani, ameketi peke yake kando ya shimo akingoja maji yachuruzike. Nikamwamkia, nikamwuliza kilichomchelewesha.

"Sikuchelewa, mwalimu," alinijibu bila hasira. "Kwa miguu yangu hii mimi ni wa mwisho kila siku. Zamani nilikuwa nikipata mitungi miwili. Siku hizi napata mmoja. Sijui mto umekuwaje."

Mimi nilijua mto umekuwaje. Maji ya mchangani huja polepole, na yatokayo kwa siku moja yana kiasi chake. Nilipoteka mtungi wangu wa siri, wa kwanza katika mstari alipata haki yake kamili, na wa pili vivyo hivyo, na wa kumi. Upungufu ulipita mbele ya watu wote bila kumgusa hata mmoja, ukaenda ukamwangukia aliyekuwa nyuma ya wote.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Kaunti ya Makueni nayo ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuuhifadhi mchanga wa mito, maana malori yalikuwa yakiuchukua kwenda kujengea miji, na mchanga ukiondoka nafasi ya maji nayo huondoka. Ni sheria njema. Lakini kijana apakiaye mchanga kwa ujira apate karo ya mdogo wake ana udhuru ulio mkubwa kuliko sukuma wiki yangu, na alfajiri ile hapakuwa na askari shimoni.

Siku ile sikumwambia kitu. Nilimbebea mtungi wake mpaka kilimani, naye akanishukuru, nami nikashindwa kumtazama usoni. Baada ya juma moja ndipo nilipokwenda kuungama kwa wasimamizi wa shimo. Walicheka kidogo, wakanitoza siku mbili za kubeba mawe ukutani, na mwezi mzima wa kuteka maji nyuma ya watu wote.

Nikateka nyuma ya watu wote. Siku nyingi nilipata mitungi yangu miwili, ingawa giza lilikuwa limekwisha kuingia. Siku nne nilipata mmoja, nikajua ya kuwa yuko mwingine aamkaye alfajiri. Sikumtafuta. Wewe ungalimtafuta?