Aliyejua Akanyamaza

Nyumba ya mtu tunayemfahamu inapovunjika kwa sababu ya mapenzi ya nje, sisi tulio ughaibuni hatukawii kutoa hukumu. Simu zinapigwa kutoka London hadi Muscat, na kabla chai haijapoa mwenye kosa ameshajulikana. Swali moja, hata hivyo, huwa halipewi nafasi: je, aliyejua akanyamaza naye ni msaliti? Tumeona tulitazame kwa msaada wa tamthilia ya Harold Pinter iitwayo Betrayal, yaani Usaliti, kwa kuwa namna wahakiki walivyoipokea ni somo kwa kila anayependa kuhukumu mambo ya ndani ya watu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jerry, wakala wa waandishi, ana uhusiano wa siri wa miaka saba na Emma, mke wa Robert. Robert ni mchapishaji wa vitabu na rafiki mkubwa wa Jerry; siku ya harusi yake, Jerry ndiye aliyekuwa mpambe wa bwana harusi. Wapenzi hao wanapanga fleti ya kukutania mchana. Kwa jumla kisa kinasimuliwa kinyumenyume: onyesho la kwanza ni la mwaka 1977, mapenzi yakiwa yamekwisha miaka miwili nyuma, na la mwisho ni la 1968, usiku yalipoanza.

Ilipofunguliwa National Theatre, London, mwezi Novemba 1978, wahakiki kadhaa hawakuridhika. Michael Billington wa gazeti la The Guardian aliona inagusa sehemu finyu mno ya maisha ya binadamu. Lawama hiyo tunaielewa. Msomaji wetu anayefanya kazi zamu mbili anaweza naye kuuliza: watu wenye nafasi zao, wanaokula mikahawani na kuibiana wake, wananihusu nini? Hata hivyo tamthilia ikapata tuzo mwaka 1979, na Billington, kwa uungwana ambao si wahakiki wote wanao, baadaye alikiri hadharani kwamba alikosea.

Ni yeye huyo huyo ambaye kitabu chake cha 1996 kuhusu maisha ya Pinter kiliweka wazi kwamba kisa kilitokana na uhusiano wa mwandishi mwenyewe na mtangazaji Joan Bakewell, katika miaka ya 1960. Mume wa Bakewell alikuwa akijua, na Pinter hakujua kwamba anajua. Tangu hapo hatari ikageuka sura: ilipokuwa dharau, sasa ni umbea. Mtu huenda kutazama huku akitafuta nani ni nani. Bakewell mwenyewe aliumizwa kuona maisha yake yakipandishwa jukwaani, na jibu lake, mchezo uitwao Keeping in Touch, ulirushwa na BBC Radio 4 mwaka 2017.

Kwetu sisi dharau na umbea ni ndugu. Mwenye dharau haangalii kwa kuwa ameshaamua hakuna cha kuona. Mmbea anaangalia pembeni. Anayetazama jukwaa lenyewe, hasa katika ukumbi mdogo kama Donmar Warehouse wenye viti 250 hivi, ambako tamthilia hii ilichezwa mwaka 2007, anaona jambo jingine.

Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba daraja likianguka, uchunguzi huanzia kwenye kifusi na kurudi nyuma mpaka ufa wa kwanza. Pinter anafanya hivyo. Katika onyesho la pili Jerry anamwita rafiki yake nyumbani kwake, tayari kuomba radhi. Robert anamwambia kwamba amejua kwa miaka minne. Miaka minne wamekula pamoja, wamezungumza vitabu, na yule aliyedhani anadanganya alikuwa akidanganywa. Hasira inampanda Jerry: kwa nini hukuniambia? Robert anakiri pia kwamba aliwahi kumpiga Emma mara moja au mbili, na Jerry anapita hapo bila kusimama. Kinachomuuma ni kwamba yeye hakuambiwa.

Watu wa pwani tunalo neno sitara, kumfunika mwenzako asiadhirike. Je, Robert alifanya sitara? Hatudhani. Ukimya wake haukumlinda Emma wala watoto. Ulimlinda yeye mwenyewe, ambaye naye alikuwa na wanawake wengine, na ulimpa nguvu ya kukaa mezani na mtu asiyejua kwamba amejulikana. Hapo ndipo tunapoona mpaka. Ukimya unaomkinga mwingine na aibu ni sitara. Ukimya unaowekwa akiba, utumike siku ya haja, ni hiyana, hata kama aliyeuweka ndiye aliyeibiwa kwanza.

Kwa kipimo hiki baraza letu nalo halitoki salama. Robert hakumwambia mtu. Sisi tunamwambia kila mtu. Lakini mara nyingi mwenye haki ya kujua ndiye wa mwisho kupata habari. Jerry ana mke, Judith, daktari. Anatajwa mara kwa mara, wala hatokei jukwaani hata mara moja, na hatuambiwi kwa hakika kama alijua. Kati ya watu wote wa kisa hiki, ndiye tunayemfikiria zaidi. Akina Judith wetu wako Tanga na Mombasa, wanapokea fedha za kila mwezi na salamu za Idi, huku mji mzima wa ugenini unajua mume ana nyumba ya pili. Tunaojua tujiulize ukimya wetu unamlinda nani. Jibu likiwa si yeye, basi tusiuite sitara.