Adabu ya Kupeleka Habari

Kila lugha huhifadhi ndani ya maamkizi yake falsafa ya watu wake. Mswahili akiulizwa "Habari za nyumbani?" hujibu kwanza "Njema," hata kama usiku kucha hakulala. Baada ya hapo ndipo huongeza: "ila mtoto ana homa," au "ila tumefiwa." Mgeni asiyezijua desturi zetu aweza kudhani kuwa huo ni unafiki. Lakini neno lile "njema" ni mkeka tunaomtandikia mwenzetu, apate pa kukaa kabla hatujamtwisha lililo zito. Utamaduni wetu, basi, umetambua tangu zamani kwamba habari ina mambo mawili: ukweli wake, na namna ya kuifikisha.

Swali tunalotaka kulijadili ni hili: je, mtu akisha kusema kweli tupu, amekwisha kutimiza wajibu wake kwa yule anayemwambia?

Tuchukue mfano wa habari ya msiba, maana ndiyo inayopima adabu kuliko zote. Zamani, mzee akifariki kijijini, walichaguliwa watu wazima kwenda kuwaarifu watoto wake. Mjumbe alifika, akaomba maji, akaketi, akangoja mfiwa naye aketi. Majirani wakasogezwa kimya kimya. Ndipo neno likatoka. Waliokuwa mbali walipelekewa simu ya maandishi, ambayo mara nyingi ilisema mama ni mgonjwa sana, hali mama amekwisha kukata roho. Wengine walizipata habari hizo katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam.

Siku hizi mzee hufariki hospitalini alfajiri, na kabla hajafunikwa shuka, mpwa mmoja amekwisha kuandika katika kundi la ukoo la WhatsApp, pengine pamoja na picha ya marehemu. Binti aliye mjini huisoma habari hiyo akiwa amesimama ndani ya daladala, katikati ya watu asiowajua, hana wa kumshika mkono. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Shangazi amenuna kwa kuwa hakupigiwa simu. Kaka mkubwa amekasirika kuwa jirani alijua kabla yake. Na aliyechelewa kuandika "pole" huhesabiwa kuwa hana mapenzi. Waliopaswa kulia pamoja husutana matangani.

Jambo hili tumeliona hata katika misiba ya taifa. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, simu za mkononi zilikuwa za watu wachache mno. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile, tarehe 20 Septemba 2018, picha za ajali zilipita katika simu za watu wa mbali wakati uokoaji ungali ukiendelea, na ndugu wangali wakingoja kujua nani amepona.

Wapo watakaotupinga. Watasema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema pia kwamba simu ile ya "mama mgonjwa" ilikuwa uongo, na kwamba haraka ya leo humwezesha mwana aliye Muscat au London kujua mapema, kutuma mchango, hata kuyawahi maziko. Hoja hizi zina uzito. Aliyesafiri siku mbili akitumaini kumkuta mama yake hai, akakuta kaburi bichi, alikuwa na haki ya kulalamika. Upole unaomnyima mtu ukweli wake ni dhuluma kama dhuluma nyinginezo.

Lakini tutazame vizuri. Wema wa mjumbe wa zamani haukutokana na kuchelewa kwake. Ulitokana na kukubali kwake kuwapo neno lilipotua. Alimwona mfiwa akitetemeka, akamshika. Anayeandika katika kundi hutua mzigo njiani akaenda zake, asijue nani ataukwaa. Kosa la leo, basi, haliko katika kasi ya chombo, bali katika kutokuwapo kwa msemaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu habari za uongo. Hakuna sheria iwezayo kumfunza mtu kufikisha habari ya kweli kwa huruma. Hiyo ni kazi ya malezi, ya nyumbani na ya darasani.

Kwa hiyo hatuwashauri vijana wazitupe simu. Chombo kile kile kinachobeba maandishi hubeba sauti. Yafaa kila ukoo ukubaliane, kabla msiba haujabisha hodi, ni nani atakayewapigia watoto wa marehemu. Na kwamba hapana atakayeandika lolote mpaka wote wawe wameambiwa kwa kinywa cha mtu, ikiwezekana kila mmoja akiwa na mwenzake karibu. Tena maiti asipigwe picha, kwani hana tena uwezo wa kukataa.

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Walimpa kinga hiyo kwa sababu alikuja kwa miguu yake, akasimama mbele ya wenye uchungu. Anayeitaka kinga hiyo leo, naye na asimame mbele yao, walau kwa sauti yake.