Bei ya Kikombe na Bei ya Nauli

Wasomaji wetu wengi hawajausahau mwaka 2011. Katika miezi ya Februari na Machi ya mwaka ule, njia za vumbi ziendazo Samunge, kijiji cha Wasonjo katika wilaya ya Ngorongoro, zilijaa magari kwa namna ambayo haikupata kuonekana pande zile. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutoka katika mti wa porini, na watu wakasema kwamba kinaponya maradhi makubwa. Wakaja kutoka mikoa yote, wakaja kutoka Kenya na mbali zaidi. Wakubwa walishuka kwa helikopta, wadogo wakalala chini ya malori. Foleni ilienea kilomita nyingi, na kabla ya mwezi wa Machi kwisha makumi ya wagonjwa walikuwa wamekufa wakiwa njiani au wakingoja zamu yao.

Hatukusudii leo kuamua habari za dawa ile. Mzee yule amekwisha kufariki, mwezi wa Julai mwaka 2021, na wenye ujuzi wa madawa wana nafasi yao ya kusema. Twalikumbusha jambo lile kwa ajili ya fedha.

Kikombe kilikuwa shilingi 500. Wingi wa watu haukukipandisha bei. Tajiri alitoa 500 na maskini alitoa 500. Kilichopanda ni nauli. Yalipanda pia maji ya chupa, sahani ya wali na mahali pa kulaza mgonjwa. Aliyerudi nyumbani akaketi kuhesabu gharama zake aliona kwamba kikombe chenyewe ndicho kilichokuwa kitu kidogo kuliko vyote. Fedha yake nyingi aliitoa ili afike mahali walipokuwa wakienda watu wote. Tena nauli ile haikupandishwa na nguvu ya dawa. Ilipandishwa na habari, maana kila aliyesikia kwamba wengi wamekwenda aliona kwamba huo wingi ni ushahidi wa kutosha, naye akajiongeza katika wingi, akawa ushahidi kwa mwingine.

Siku hizi habari za hisa zimetoka katika ofisi za mjini zikaingia jikoni kwetu. Redio hutaja bei zake, na mtu mwenye simu aweza kununua na kuuza akiwa shambani. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya, wala hatukubaliani na wale wasemao kwamba kila hisa ni kamari. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi wa Aprili mwaka 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi. Leo zimo benki, viwanda vya saruji na cha bia, na hata Benki ya Mkombozi, iliyoanzishwa na Kanisa letu, iliingia humo mwaka 2014. Hisa ni sehemu ya mali. Mwenye hisa moja ya kiwanda ni mwenye kiwanda, ijapokuwa sehemu yake haitoshi hata tofali moja la ukuta. Kiwanda kikipata faida, na wakuu wake wakiona vema kuigawa, naye hupata gawio lake. Haya ni mapato halali kama mapato ya shamba.

Lakini swali letu si la hesabu tu. Twauliza: je, ni haki kwa baba au mama wa nyumba kuitia fedha ya watoto katika kitu asichokifahamu, kwa sababu tu wengi wanakwenda huko?

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Watu walipanga foleni kama ile ya Samunge. Wengine walikopa benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hata wengi wakapata sehemu ndogo tu ya walichoomba, na riba ya mkopo ikawa inahesabiwa juu ya fedha yote. Mwezi wa Juni hisa zilipoanza kuuzwa sokoni bei ilipanda, kisha ikaanza kushuka, ikapita chini ya 5, na mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa karibu na 3. Walio na madeni wakauza kwa hasara. Walakini kampuni ilikuwa ile ile. M-Pesa, iliyokuja kuwa nguzo yake, ilikuwa imeanza tangu mwaka 2007, kabla ya hisa hata moja kuuzwa kwa raia, na mama muuza mboga aliyepokea fedha kwa simu aliweza kuijua thamani yake kuliko mtu wa benki. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe, ambayo hakuihitaji kwa karo wala kwa chakula, aliweza kuyatazama haya yote akiwa amekaa kitini. Aliyekopa hakuweza, kwa kuwa deni halijui kungoja. Kwetu huku, Vodacom Tanzania iliuza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850, na walionunua kwa kuwa jina lajulikana walikaa miaka mingi wakiona bei ikitajwa chini ya hapo.

Basi bei inayosomwa redioni ni nauli. Hutwambia watu wanatoa nini ili waingie. Haisemi kilichomo kikombeni. Na mara nyingine nauli ni ndogo kwa sababu watu wamekimbia, na kikombe ni kizuri.

Hapa yafaa tueleze neno moja linalowatisha wengi. Husemwa kwamba soko limepoteza mabilioni kwa siku moja, na msikilizaji hufikiri kwamba magunia ya fedha yamebebwa usiku. Tuchukue kampuni ya mfano yenye hisa 1,000,000. Jana hisa moja iliuzwa kwa shilingi 500. Leo mtu mmoja mwenye msiba aliuza hisa 100 kwa 450, kwa kuwa alitaka fedha kabla ya jioni. Hisa nyingine zote zimelala makabatini, lakini wahesabuji huzihesabu zote kwa bei ya leo, na habari husema kwamba kampuni imepoteza shilingi 50,000,000. Nani amezichukua? Hakuna. Katika soko dogo kama letu, ambamo siku nyingine hisa za kampuni fulani haziuzwi kabisa, bei moja yaweza kufanywa na watu wawili tu. Vivyo hivyo yafaa kujua kwamba kipimo kikubwa cha soko letu huhesabu pamoja na kampuni za Kenya zilizoandikishwa kwetu, kwa hiyo chaweza kupanda au kushuka kwa mambo ya Nairobi, na kiwanda cha saruji cha Tanga kisiwe na habari. Kuna kipimo cha pili, kinachohesabu kampuni za nyumbani peke yake. Asomaye habari aulize ni kipimo gani kinachotajwa.

Twarudi kwenye habari ya ushahidi, maana hapo ndipo dhamiri inapoguswa. Wengi wetu twaikumbuka DECI, iliyofungwa na Serikali mwaka 2009, na baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani mwaka 2013. Watu walialikwa "kupanda mbegu" ya fedha ili wavune zaidi baada ya muda. Neno lile, mbegu, liliwavuta waumini wengi wa madhehebu mbalimbali, na labda ndilo lililofanya madhara makubwa kuliko yote. Kwa kuwa mkulima ajua kwamba mbegu huota katika udongo, lakini hapa hapakuwa na udongo. Hapakuwa na kiwanda, shamba wala duka lililoweza kuzaa mavuno yale. Aliyevuna alilipwa kwa mbegu ya aliyepanda nyuma yake.

Sasa fikirini juu ya mtu aliyevuna mapema. Alikwenda kwa dada yake akamwambia, "Mimi nimepata; tazama." Je, alisema uongo? La, fedha alikuwa nayo mkononi. Alikuwa shahidi mkweli, na kwa ukweli wake akampeleka dada yake kwenye hasara. Tumelifikiri neno hili kwa muda mrefu, nasi hatuoni kwamba ni jepesi. Aliyevuna bila kujua hawezi kuhukumiwa kama mdanganyifu. Lakini siku alipokuja kujua kwamba faida ile ilikuwa karo ya watoto wa jirani, je, aliweza kuendelea kuiita faida? Twafikiri hakuweza. Kutojua kwake kulimwondolea hatia ya kuipokea. Hakukuifanya fedha ya jirani kuwa yake. Tena wako waliojua, au waliona dalili wakageuza macho, wakaendelea kuwaita wengine kwa kuwa bila wageni wapya mavuno yao wenyewe yangekoma. Hao wasijifiche nyuma ya dada zao.

Mtu atauliza: na mwenye kuuza hisa kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia, siye anachukua fedha ya mwingine? Twajibu kwamba kuna tofauti. Mnunuzi wake anapata sehemu ya kampuni iliyopo, yenye hesabu zilizokaguliwa, ambazo aweza kuzisoma akitaka, anaponunua anajichagulia. Ila muuzaji akisifu hisa zake kanisani au arusini, akijua kwamba ameshika kitu kibovu na kwamba sifa zake ndizo zitakazopandisha bei, hapo tofauti hiyo imekwisha. Na hata asiye na hila, ambaye amenunua jana na leo anawahimiza rafiki zake wanunue, yampasa awaambie kwamba yeye mwenyewe amekwisha kununua. Ni neno dogo, lakini msikilizaji ana haki ya kujua kama anayemshauri ananufaika na imani yake.

Kuhusu wenye nyumba, tutasema kwa ufupi, maana kila mmoja aijua nyumba yake. Fedha iliyo mikononi mwa baba si yote ni ya baba. Iko iliyo ya karo ya Januari, iko ya mbegu za msimu, iko ya mgonjwa ambaye bado hajaugua. Hiyo haina ruhusa ya kupanda basi la Samunge wala la soko la hisa, hata kama basi ni zuri. Inayobaki, hata ikiwa kidogo, yaweza kuwekwa mahali pa haki, baada ya mume na mke kukaa pamoja wakasoma: kampuni hii yafanya kazi gani, yapata faida kutoka kwa nani, inadaiwa kiasi gani, imetoa gawio miaka mingapi. Mwanamke ambaye hakuulizwa wakati fedha ilipotoka ndiye huulizwa chakula wakati fedha isiporudi. Jambo hili tumeliona mara nyingi, nasi twalichukia.

Huko Samunge kwenyewe kuna mali ya ushirika iliyo ya zamani kuliko soko lolote la nchi hii. Wasonjo, au Wabatemi kama wajiitavyo, wamelima kwa mifereji tangu zamani za mababu. Chemchemi hutoka chini ya mlima, maji hupelekwa mashambani, na wazee wa baraza, waitwao wenamiji, hugawa zamu. Zamu ya maji ni haki yenye thamani, na watu wameijadili na kuitunza kama wengine watunzavyo hati. Thamani yake hujulikana kwa mtama na maharage. Waliopita mwaka 2011 kwa magari, macho yakiwa mbele kwenye foleni, walipita karibu na mashamba yale.